Jinsi ya kufuatilia uamuzi wa baraza la madiwani mpaka utekelezwe

Watu wengi hukutana na uamuzi wa baraza siku trekta linapofika. Uwanja waliochezea watoto miaka nenda rudi unazungushiwa mabati, mtu anauliza "hili limeamuliwa lini?", na jibu linakuja kwa upole unaoudhi: lilipitishwa kikao cha mwezi wa tano, ajenda namba 9, ukurasa wa 43, na mlango wa ukumbi ulikuwa wazi siku hiyo. Mara nyingi ni kweli. Hakuna aliyefichwa kitu. Ila ajenda namba 9 haikuandikwa "kuuza uwanja wa watoto". Iliandikwa "taarifa ya mapendekezo ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kitalu C".

Mwongozo huu ni wa mkazi wa mji mdogo anayetaka kulijua jambo kabla ya mabati. Mji mdogo una faida yake: madiwani ni wachache, mafaili si mengi, na ukienda mara tatu katibu wa vikao atakujua kwa jina. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na vyeo vina majina tofauti. Hapa nitasema diwani kwa mjumbe aliyechaguliwa, mkurugenzi kwa mtendaji mkuu wa watumishi, na kabrasha kwa ule mzigo wa karatasi wanaopewa wajumbe kabla ya kikao. Njia yenyewe haibadiliki sana. Uamuzi huzaliwa ofisini kwa watumishi, hulelewa kwenye kamati, hubarikiwa barazani, kisha huishi au hufa kwenye bajeti. Kura tunayoiona ni hatua ya tatu kati ya nne, na wengi wetu ndiyo pekee tunayojitokeza kuitazama.

Hatua ya 1: Shika jambo moja, kisha ujue ni la nani

Usianze na "baraza letu limeoza". Hilo halina namba ya ajenda. Anza na jambo linaloweza kuandikwa kwenye mstari mmoja: taa za barabara fulani, ada mpya ya maegesho, kuhamishwa kwa dampo, kiwanja kimoja. Ukilifuata moja hadi mwisho utajua mengine yote yanavyokwenda, kwa sababu yanapita mlango uleule.

Likishapatikana, uliza swali ambalo hata baadhi ya madiwani hawajiulizi: nani hasa ana mamlaka ya kuamua? Majibu huwa manne. Huenda ni baraza zima. Huenda ni mkurugenzi au kamati, kwa madaraka waliyokasimiwa na baraza, na hapo hutaona kura yoyote ukumbini hata ukilala pale. Huenda baraza linapendekeza tu na waziri au serikali ya juu ndiyo inayoidhinisha, kama inavyokuwa mara nyingi kwa sheria ndogo na mikopo. Au jambo si la mji kabisa: barabara ni ya wakala wa serikali kuu, maji ni ya mamlaka nyingine, na umepoteza miezi miwili ukimfuata diwani asiyeweza kufanya lolote.

Wakazi wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, walilipia somo hili kwa afya zao. Mwaka 2014 mji huo wa watu wapatao 100,000 uliacha maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint. Maji hayo hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani na kuingia kwenye vikombe vya watu. Machi 2015 madiwani walipiga kura, 7 kwa 1, kutaka mji urudi kwenye maji ya Detroit. Kura ilikuwa halali, wingi ulikuwa mkubwa, na hakuna kilichobadilika siku hiyo, kwa maana mji ulikuwa chini ya meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, naye akalikataa azimio. Maji ya Detroit yalirudi Oktoba mwaka huo. Ukiona madiwani wanakubaliana upesi juu ya jambo kubwa, hebu tazama kwanza kama wao ndio wenye rungu.

Kinyume chake pia hutokea, yaani baraza kuamua lisilo na haki ya kuamua. Baraza la Hammersmith and Fulham, London, liliingia na mabenki mikataba mingi iliyotegemea mwenendo wa riba. Mwaka 1991 majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, walisema mikataba ile ilikuwa batili tangu mwanzo: sheria haikulipa baraza mamlaka ya biashara ya namna hiyo. Halmashauri si mfanyabiashara anayefanya chochote ambacho hakijakatazwa. Katika nchi nyingi hufanya kile tu ambacho sheria imeiruhusu, na sentensi hiyo moja itakufaa mbele ya safari.

Hatua ya 2: Pata kalenda, kanuni za kudumu na kabrasha

Nenda ofisi ya katibu wa baraza uombe vitu vitatu. Cha kwanza ni ratiba ya vikao vya mwaka mzima, vya baraza na vya kamati. Cha pili ni Kanuni za Kudumu, kile kijitabu kinachosema kikao kinaendeshwaje, akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo) ni ngapi, nani anaruhusiwa kuzungumza. Hakisomwi na watu, na ndiyo maana aliyekisoma huheshimiwa. Cha tatu ni kabrasha la kikao kijacho.

Kabrasha hutakiwa kutoka mapema, na sheria nyingi zimeweka muda. California hudai ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. England hudai siku tano kamili, bila kuhesabu siku ya tangazo wala ya kikao. Sweden iliwapa wananchi haki ya kuona nyaraka za serikali tangu mwaka 1766, kwa hiyo ukiambiwa kwamba uwazi ni mambo ya juzi, tabasamu tu. Tafuta muda unaotajwa na sheria ya nchi yako na uukariri. Ajenda iliyotoka usiku wa kuamkia kikao ni dosari inayoweza kuutia uamuzi mashakani.

Ukienda, nenda kwa adabu lakini na kalamu. Andika jina la uliyemkuta, tarehe, na alichokujibu. Ukinyimwa, omba unyimwe kwa maandishi. Utashangaa jinsi karatasi zinavyopatikana ghafla.

Hatua ya 3: Soma kabrasha kwa kurudi nyuma

Kurasa ni nyingi, na anayeanza ukurasa wa kwanza huchoka kabla ya penye nyama. Mimi husoma hivi: naanza na orodha ya ajenda, naweka alama kwenye kila kitu chenye kiwanja, mkataba, mkopo, ada au jina la mtaa wangu. Kisha naenda moja kwa moja mwisho wa kila taarifa, penye neno "mapendekezo" au "baraza linaombwa". Hapo ndipo penye uamuzi. Kurasa kumi zilizotangulia ni historia na takwimu, nazo utazisoma ukishajua zinataka kukushawishi nini.

Baada ya mapendekezo tafuta athari za kifedha. Je, kuna kiasi? Kimetoka kasma gani, yaani mstari gani wa bajeti? Ukikuta "gharama zitatokana na mapato ya ndani" bila tarakimu, weka alama nyekundu. Tafuta pia njia mbadala zilizofikiriwa na kukataliwa. Taarifa isiyo na njia mbadala hata moja imeandikwa na mtu aliyekwisha kuamua. Mwisho tazama viambatisho. Ramani ndiyo husema kweli. Maneno yanaweza kusema "eneo dogo lisilotumika", ramani ikaonyesha kwamba mpaka unapita kwenye goli la kusini.

Usidharau vichwa vinavyosinzisha. "Marekebisho ya muundo", "mapitio ya posho", "uhamisho wa fedha baina ya vifungu": hivyo ndivyo vya kusomwa kwa macho mawili. Bell ni mji wa California wenye watu wapatao 35,000, wengi wao wa kipato kidogo. Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba mkurugenzi wa mji huo alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wake wengi karibu dola 100,000 kwa kazi isiyo ya kutwa. Hawakuvunja kasiki usiku. Mwaka 2005 ilipigwa kura maalumu ya kuupa mji katiba yake, jambo lililoonekana kama utaratibu tu, ila liliutoa mji kwenye kikomo cha malipo ya madiwani kilichowekwa na sheria ya jimbo. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Posho za madiwani ziliongezwa kwa kuwafanya wajumbe wa bodi na kamati zisizokuwa na kazi ya maana. Mkurugenzi alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014, lakini wakazi walikuwa wamelipa kodi miaka yote hiyo, na kila hatua ilikuwa na kichwa cha kuchosha.

Vipengele viwili vya ajenda vina tabia zake. "Yatokanayo na kikao kilichopita" ni pale watumishi wanapoeleza maagizo ya nyuma yamefikia wapi. Huko ndiko maamuzi yaliyosahauliwa hulala. "Mengineyo" ni mlango wa uani. Kanuni nyingi hukataza uamuzi wa fedha au ardhi kupitishwa kwenye mengineyo kwa sababu hakuna aliyepewa taarifa, hivyo ukiona jambo zito linachomolewa huko, andika saa na jina la aliyelileta.

Hatua ya 4: Zungumza kabla ya kamati, maana hapo ndipo pishi linapoiva

Baraza zima lina ajenda kumi na tano na mchana mmoja. Haliwezi kupika. Linapakua kilichoivishwa na kamati ya fedha, ya mipango miji, ya huduma za jamii. Kamati ina watu saba au tisa, wanakaa meza moja, wanaruhusiwa kusema "sielewi". Wakishakubaliana, ni wachache watakaogeuka barazani mbele ya wenzao. Kwa hiyo kama una hoja, ifike kwa kamati.

Ifike kwa maandishi, fupi, siku kadhaa kabla, nakala kwa diwani wako na kwa katibu. Barua ndefu yenye hasira husomwa kwa sauti ofisini watu wacheke. Hii hapa niliyoitunga kwa ule uwanja wa kufikirika:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji.
Yah: Ajenda namba 9, mabadiliko ya matumizi ya kitalu C.
Mimi ni mkazi wa mtaa unaopakana na kitalu hicho. Naomba kamati isiridhie pendekezo namba 2 hadi mambo mawili yajibiwe. Kwanza, taarifa inasema eneo halitumiki; picha nilizoambatanisha, za Jumamosi tatu mfululizo, zinaonyesha vinginevyo. Pili, taarifa haisemi maji ya mvua yanayotuama pale yataelekezwa wapi baada ya ujenzi. Ikiwa kamati itaona lazima kiwanja kiuzwe, naomba theluthi moja ya upande wa mtaro ibaki wazi. Niko tayari kufika mbele ya kamati. Natanguliza shukrani."

Angalia ilivyojengwa. Imetaja namba ya ajenda na ya pendekezo, kwa hiyo haipotei. Inaomba jambo ambalo kamati ina uwezo wa kulifanya. Ina ushahidi, na ina ombi la pili kwa mtu asiyetaka kukupa la kwanza. Ombi la pili ndilo hushinda mara nyingi, kwa kuwa linampa diwani njia ya kukukubali bila kumwaibisha mkurugenzi.

Onana pia na diwani wako ana kwa ana. Muite Mheshimiwa, hata kama mmesoma naye darasa moja. Usimwombe "atupiganie". Mwombe aulize swali moja, umwandikie kwenye karatasi. Madiwani wengi hawana msaidizi wala mtafiti, na swali zuri lililoandikwa tayari ni zawadi.

Hatua ya 5: Siku ya kikao

Fika mapema na uhakikishe ajenda yako bado ipo. Niliwahi kukaa saa nne nikisubiri jambo lililokuwa limeondolewa asubuhi ile, na kumbe tangazo lilikuwa mlangoni.

Hesabu vichwa. Akidi si mapambo. Tuseme baraza lina wajumbe 21 na kanuni zinadai nusu wawepo: wakifika 11 kikao ni halali. Kama uamuzi hupita kwa wingi wa waliopo, basi sita wanatosha. Watu sita wanaweza kuuza kiwanja cha mji mzima na sheria ikasema sawa. Wakitoka wawili kwenda kupokea simu wakabaki tisa, akidi imevunjika, na diwani yeyote anaweza kusimama akasema hivyo. Mwananchi kwenye viti vya nyuma hawezi, lakini anaweza kuandika saa.

Sikiliza kutangazwa kwa maslahi. Mjumbe ambaye yeye, ndugu yake au kampuni yake atanufaika na jambo hutakiwa kusema na, kwa kanuni nyingi, kutoka nje. Akitangaza kisha akabaki na kupiga kura, hiyo ni dosari ya kuandikwa kwa herufi kubwa.

Hoja inapotolewa, mmoja huitoa na mwingine huiunga mkono. Yakitokea marekebisho, hupigiwa kura kwanza, kisha hoja yenyewe kama ilivyorekebishwa. Hapa wengi hupotea: wanaona mikono imenyooshwa, wanashangilia, kumbe ilikuwa kura ya kubadili neno moja. Kura zikilingana, mwenyekiti mara nyingi ana kura ya uamuzi. "Wanaokubali waseme ndiyo" ni njia ya haraka na isiyoacha alama. Kama unataka ijulikane nani alisema nini, mwombe diwani wako mapema adai kura ya majina.

Wakati mwingine mwenyekiti atawaomba wageni watoke, kikao kikae faragha. Sababu halali zipo: kesi iliyoko mahakamani, nidhamu ya mtumishi, bei za zabuni kabla ya kufunguliwa. "Jambo nyeti" peke yake si sababu. Toka bila fujo, ila andika sababu iliyotajwa na saa, kisha rudi usikilize uamuzi unavyotangazwa.

Kama wananchi wanaruhusiwa kuzungumza, utapewa dakika mbili au tatu. Anza na ombi lako, halafu sababu moja. Usisome barua yote, wanayo. Kurekodi sauti au picha kunaruhusiwa katika nchi nyingine, England kwa mfano imeruhusu kwa kanuni tangu 2014, na kwingine kunataka kibali, kwa hiyo uliza kabla hujainua simu.

Hatua ya 6: Chunguza kitenzi

Hii kwangu ndiyo hatua yenye utajiri, na karibu kila mtu huiruka. Watu hutoka ukumbini wakisema "imepita". Imepita nini? Uamuzi wa baraza unakaa ndani ya kitenzi kimoja.

"Limepokea taarifa" maana yake karatasi imefika mezani. Baraza halijakubali wala kukataa chochote. Nimeona watumishi wakiandika baadaye "kama ilivyokubaliwa na baraza" juu ya taarifa iliyopokelewa tu. Ukiona hivyo, dai muhtasari.

"Limejadili" na "limezingatia" ni ndugu zake: wamezungumza. "Limeridhia" ni kukubali jambo lililoletwa na mwingine, na mara nyingi linahitaji bado idhini ya juu. "Limeidhinisha" ndilo lenye meno, hasa likifuatwa na kiasi na kasma. "Limeagiza" na "limemwelekeza mkurugenzi" huzaa kazi kwa mtu anayejulikana, lakini bila tarehe ya mwisho kazi hiyo haizeeki. "Limeshauri" halimfungi mtu.

"Limeahirisha" hutegemea linaahirisha hadi lini. Hadi kikao kijacho, ni kusogeza. Hadi "taarifa zaidi zitakapopatikana", ni kulizika kwa heshima, na kama hilo ndilo ulilotaka, nenda nyumbani kimya.

Kwa hiyo siku ya kikao andika maneno yenyewe ya mwenyekiti anapofunga ajenda, neno kwa neno. Kabla hujaondoka mwulize katibu namba ya azimio. Kuanzia hapo usiseme tena "lile suala la uwanja". Taja namba na tarehe, na utaona ofisi zinavyokujibu tofauti.

Muhtasari wa kikao utaandikwa baadaye, nao ni rasimu mpaka uthibitishwe kikao kinachofuata. Hapo ndipo pa kusahihisha. Linganisha na maandishi yako. Kama wewe umeandika "limepokea" na rasimu inasema "limeidhinisha", mwone diwani wako haraka, kwa sababu wajumbe wanaweza kurekebisha kumbukumbu kabla ya kuthibitisha. Uthibitisho si nafasi ya kurudia mjadala. Swali ni moja tu: haya ndiyo yaliyosemwa? Wakishaitikia na mwenyekiti akatia saini, karatasi ile imeshinda kumbukumbu ya kila aliyekuwepo.

Hatua ya 7: Fuata fedha

Azimio lisilo na kasma ni dua. Baraza laweza kuidhinisha taa za barabara kwa sauti moja, na mwaka ukapita gizani, kwa kuwa hakuna mstari wa bajeti wenye taa hizo. Chukua kitabu cha makisio cha mwaka, tafuta mstari wako. Haupo? Uliza kama umeombewa bajeti ya nyongeza au uhamisho wa fedha. Upo? Andika namba ya kasma na kiasi, kisha omba taarifa ya utekelezaji ya kila robo mwaka uone kimetoka kiasi gani. Kasma yenye fedha mwezi wa kwanza na sifuri mwezi wa nane bila taa hata moja ina hadithi. Uliza zilihamishiwa wapi na kwa azimio namba ngapi.

Baada ya fedha huja zabuni, mkandarasi na mkataba. Jina la mkandarasi na muda wa kazi havipaswi kuwa siri mkataba ukishasainiwa. Mwishoni huja mkaguzi wa hesabu. Hati safi haimaanishi fedha zimetumika kwa busara, bali hesabu zimeandikwa sawasawa, lakini sura ya "hoja za ukaguzi" ndani ya ripoti ile mara nyingi inataja miradi kwa majina.

Porto Alegre, Brazil, walianza mwaka 1989 kuwashirikisha wakazi kupanga vipaumbele vya uwekezaji wa mji. Dunia nzima iliiga mikutano yao. Kilichonivutia mimi ni kijitabu: mji ulichapisha mpango wa uwekezaji wa kila mwaka, kazi moja moja imeorodheshwa, na wakazi wakaweza kwenda kwenye eneo wakaona imefanyika au la. Ukikosa kijitabu, tengeneza chako. Daftari lenye safu tano linatosha: namba ya azimio, kitenzi, aliyeagizwa, kasma, na ulichokiona kwa macho na tarehe yake.

Hatua ya 8: Ukiona uamuzi una kasoro

Kwanza pambanua: ni mbaya, au ni batili? Uamuzi mbaya ni wa kisiasa, dawa yake ni madiwani wenyewe. Uamuzi batili ni wa kisheria: akidi haikutimia, ajenda haikutangazwa, mwenye maslahi alipiga kura, baraza halikuwa na mamlaka, wanaoathirika hawakusikilizwa pale sheria inapodai. Mahakama haitakusikiliza ukisema uwanja ungefaa zaidi kubaki uwanja. Itakusikiliza ukionyesha kwamba njia iliyopita ilikuwa mbovu. Sasa unaona faida ya zile saa na majina uliyoandika.

Muda ni adui. England, kwa mfano, mapitio ya mahakama juu ya uamuzi wa mipango miji hutakiwa yafunguliwe ndani ya wiki sita. Ukijua muda wa kwenu, hesabu tangu siku ya uamuzi, usihesabu tangu siku ya mabati. Na kabla ya wakili, andika malalamiko rasmi kwa mkurugenzi ukitaja azimio na dosari. Wakati mwingine hilo pekee hulirudisha jambo barazani, kwa maana mwanasheria wa mji naye hataki kesi ya kushindwa. Kuna pia ofisi huru ya malalamiko ya umma katika nchi nyingi, wazo ambalo Sweden ililianza mwaka 1809, nayo haikutozi ada.

Ukitaka baraza lenyewe litengue uamuzi wake, soma tena Kanuni za Kudumu. Nyingi huzuia jambo lililoamuliwa kurudishwa kabla ya muda fulani kupita, mara nyingi miezi sita, isipokuwa idadi maalumu ya wajumbe waweke saini. Hesabu saini hizo kabla hujaitisha mkutano wa mtaa. Kama zinahitajika saba na unazo nne, una kazi ya watu watatu, si ya maandamano.

Na kama uamuzi ni mzuri ila hautekelezwi, rudi kila kikao uangalie yatokanayo. Azimio lako lipo? Linasema "linaendelea kushughulikiwa"? Mpe diwani swali lilelile, namba ileile. Siku utakayokuta limeondolewa kwenye orodha na taa hazijawaka, uliza nani aliliondoa na kwa kikao kipi.